Nusu Saa Bila Neno

Fundi mmoja wa makufuli hapa Kwanza, ambaye meza yake iko kando ya barabara inayoelekea Kitale, ana tabia inayowaudhi wateja. Ukimletea kufuli lililogoma, halishiki. Analiacha mezani, analitazama, anauliza lilinunuliwa lini, lilinyeshewa au la, na nani alilifunga mara ya mwisho. Mwenye haraka hulichukua kufuli lake akaenda kununua jingine. Mwenye subira hukaa kwenye benchi, na baada ya kama robo saa humwona mzee akiingiza waya mwembamba kwenye tundu, kichwa kimeinama upande mmoja kama mtu anayetegea mazungumzo ya jirani. Kisha, ta! Limefunguka. Robo saa ya kutazama, nukta mbili za kazi, na bei unayolipa ni ya ile robo saa.

Huyo ndiye niliyemwendea Jumapili moja alasiri, kompyuta kwapani, nikamwomba saa zake mbili.

"Mwalimu, leo umeniletea kufuli la aina gani?"

Nikamwambia nimemletea la Paris, la mwaka 1955, na kwamba waliolifungua hawakuwa na ufunguo.

Filamu yenyewe inaitwa *Du rififi chez les hommes*, ingawa dunia nzima imezoea kuiita *Rififi* tu. Neno hilo ni la mitaani, la wahuni wa Paris wa siku hizo, na maana yake ni rabsha, vurumai ya wanaume waliovimba vichwa. Mle ndani kuna mwimbaji wa klabu anayeimba wimbo mzima kuwaeleza watazamaji maana yake, kwa sababu hata Wafaransa wengi hawakuwa wakilijua. Hadithi ni fupi. Tony ametoka jela baada ya miaka mitano. Anakohoa, hana pesa, na uso wake umechakaa kama koti la kuazimwa. Jo, kijana anayempenda kama ndugu, na Mario, Mwitaliano mcheshi, wanamshawishi waibe vito katika duka la Mappin & Webb kwenye barabara ya Rue de la Paix, mtaa wa matajiri. Wanamwita fundi wa masefu kutoka Milan, César, mwenye vidole vya dhahabu na moyo mwepesi kwa wanawake. Wanaiba. Kisha kila kitu kinaharibika.

Ukisimuliwa hivyo hutaona ajabu. Hadithi za namna hiyo zimejaa, na hata Nairobi tunazo. Ajabu iko katikati. Wanaume hawa wanne wanapoingia kazini, filamu inanyamaza. Kwa karibu nusu saa hakuna anayesema neno. Muziki nao hakuna. Unachosikia ni pumzi, kamba ikisuguana na mbao, chuma kikila chuma, na mara moja moja gari likipita huko nje.

Sisi tuliokulia kwenye vibanda vya video tulilelewa na kinyume cha hayo. Ulitoa sarafu mlangoni, ukainamia pazia la gunia, ukajibana kwenye benchi chini ya bati la moto, na filamu ikaja na msemaji wake. Ilikuwa ya Hong Kong au ya Bombay, lakini sauti ilikuwa ya DJ Afro, anayempa shujaa jina jipya, anayemsimanga jambazi, anayetuambia nani atakufa kabla hajafa. Sina dharau hata chembe. Ule nao ni ufundi, na ufundi mgumu, kuichukua hadithi ya watu usiojua lugha yao ukaifanya ya watu wa soko lako. Lakini nimewahi kujiuliza angefanya nini na nusu saa hii ya Paris. Kufupisha angeweza, kutania angeweza. Nadhani, kwa kuwa anaijua kazi yake, angeweka kipaza sauti mezani akatazama kama sisi wengine.

Aliyeitengeneza filamu hii hakuwa Mfaransa, japo jina lake lilimfaa. Jules Dassin alizaliwa mwaka 1911 katika mji wa Middletown, jimbo la Connecticut, Marekani, katika familia ya Wayahudi waliotoka Urusi. Baba yake alikuwa kinyozi. Alikulia Harlem, New York, akaanza kazi kama mwigizaji katika jumba la maonyesho ya wafanyakazi lililotumia Kiyidi. Katika miaka ya 1930 alijiunga na chama cha kikomunisti, akakihama mwaka 1939 Stalin alipoafikiana na Hitler. Baadaye akawa mwongozaji wa filamu, na wa kuheshimika. *The Naked City* ya mwaka 1948 aliipiga kwenye mitaa halisi ya New York, watu wakipita na shughuli zao, wakati wenzake wengi walikuwa wakijenga mitaa ya maboksi ndani ya studio.

Lakini Hollywood ilikuwa imekwisha kuingiwa na hofu. Kamati ya Bunge la Marekani ya kuchunguza mienendo isiyo ya Kimarekani ilianza kuwahoji watu wa filamu mwaka 1947. Kumi waliokataa kujibu walifungwa jela kwa kuidharau. Wengine hawakufungwa, walikosa kazi tu. Palikuwa na orodha isiyobandikwa kwenye ukuta wowote, na kila mwajiri aliijua. Jambo la kulitia akilini ni hili: Kamati haikuwa na haja ya habari. Nyingi ilikwisha kuwa nazo. Ilichotaka ni kumwona mtu akikaa kwenye kiti na kuwataja rafiki zake kwa sauti. Ukitaja, unarudi kazini. Mwaka 1951 waongozaji wawili walimtaja Dassin. Mmoja wao, Edward Dmytryk, alikuwa katika wale Kumi. Alifungwa, akatoka, akageuka. Wakati huo Dassin alikuwa amekwisha kumaliza *Night and the City* jijini London, mwaka 1950, na baada ya hapo ukame ukaingia. Alihamia Ufaransa na familia yake. Huko akapewa filamu ya kuchekesha ya Fernandel. Siku chache kabla ya kamera kuwashwa akaondolewa, kwa kuwa wenye filamu waliambiwa kwamba ikitoka mikononi mwake haitaonyeshwa Marekani. Bahari nzima katikati, na orodha imemfuata.

Kwa hiyo alipoletewa riwaya ya Auguste Le Breton hakuwa mtu wa kuchagua. Riwaya yenyewe ilikuwa imeandikwa kwa lugha ya wahuni nzito kiasi kwamba ilibidi asomewe na kufasiriwa. Alipoielewa hakuipenda. Maadui katika kitabu walikuwa watu wa Afrika Kaskazini, wamechorwa kwa chuki. Dassin akawafuta, akaweka majambazi Wafaransa mahali pao. Filamu ilipigwa mwishoni mwa mwaka 1954, miezi ileile ambayo vita vya Algeria vililipuka, Novemba. Mtu asiye na kazi wala akiba anapokataa kuwatukana Waarabu ili apate pesa, namvulia kofia kabla sijaifikia filamu yenyewe.

Pesa zilikuwa chache. Waigizaji wakubwa hawakupatikana. Jean Servais, aliyemwigiza Tony, alikuwa ameshuka umaarufu, na pombe ilikuwa na mkono wake katika hilo. Mwigizaji wa Kiitaliano aliyetakiwa kuwa César hakupatikana, basi Dassin akavaa nafasi hiyo mwenyewe, akajiandika kwa jina la Perlo Vita. Aliyebuni mandhari, Alexandre Trauner, alikuwa mmoja wa mafundi wakubwa Ufaransa, akakubali ujira mdogo. Na kwa kuwa hapakuwa na fedha za taa nyingi na mapambo, Dassin alitumia kitu cha bure: mawingu. Akasema hatapiga picha za nje siku yenye jua. Mwenye fedha alikuwa akitazama siku ya kazi ikipita, watu wote wamekaa, kwa sababu jua limechomoza. Lakini itazame Paris ile. Lami imelowa, anga ina rangi ya sufuria kuukuu, kuta zimenuna. Sisi wa chini ya Mlima Elgon tunaijua rangi hiyo. Ni ile ya asubuhi za Julai, mahindi yamesimama shambani na moshi wa jikoni hautaki kupanda.

Sasa twende ndani ya duka.

Kabla ya usiku wenyewe wamefanya kazi ya siku nyingi. César ameingia dukani kama mteja tajiri, akatumia macho. Wameandika ni saa ngapi nani hupita mtaani alfajiri. Wamenunua king'ora cha aina ileile ya dukani, wakakiweka mezani, na hapa ndipo fundi wangu aliposogeza benchi karibu. Wanakitazama. Kinalia ukitikisa hata kidogo. Wanajaribu hili, kinalia. Wanajaribu lile, kinalia. Hatimaye wanaona mtungi wa kuzimia moto, ule unaotema povu, na mmoja anapata wazo: povu likijaa ndani, ile nyundo ya kengele haitakuwa na pa kugonga.

"Umeona?" mzee akasema. "Hawajakivunja. Wamekilisha."

Wanaingia kwenye nyumba iliyo juu ya duka, kwa kuwa sakafu ya huyu ndiyo dari ya yule. Wanawafunga wakazi, bila kuwaumiza. Wanavaa viatu laini. Vya César ni kama vya wacheza dansi. Zulia linakunjwa. Kisha wanaanza kutoboa sakafu kwa nyundo na tindo, kitambaa kimefungwa mahali ambapo chuma kingekutana na chuma. Mapigo yanasikika kama moyo wa mtu aliyelala. Mmoja anagonga, wengine wanangoja zamu, na kungoja kwao ni sehemu ya kazi: macho yako kwenye mkono wa mwenzao, na tayari mtu ameshika chombo ambacho kitahitajika baadaye. Hakuna anayeomba kitu. Kila kinachohitajika kiko mkononi mwa mtu kabla hakijahitajika.

Tundu la kwanza linapotokea chini, dogo la kupitisha kifundo cha mkono, ndipo shida halisi inapoanza. Ukiendelea kugonga, vipande vya plasta vitaanguka kwenye sakafu ya duka, mtikisiko utafika kwenye king'ora, na wote watarudi jela. Unafanya nini?

Wanaleta mwavuli. Mwavuli wa kawaida, mweusi. Unapitishwa tunduni umefungwa, mpini umeshikwa juu, kisha unafunguliwa kule chini ya dari, ukining'inia kichwa chini kama popo. Sasa plasta inaanguka mwavulini. Inaanguka polepole, kisha kwa wingi, na mwavuli unaipokea kama kanga iliyotandazwa chini ya mti wakati wa kuchuma. Tundu linapanuka hadi linatosha mtu. Mwavuli unavutwa juu pamoja na mzigo wake, na kamba inashuka.

Mzee hakusema kitu. Aliweka mkono mdomoni.

Nimeitazama sehemu hiyo mara nyingi, na ninachokistahi zaidi si werevu wa mwavuli. Werevu ni wa mara moja, ukishaujua umekwisha. Ninachokistahi ni muda ambao Dassin anaupa. Filamu nyingi zingetuonyesha mwavuli ukifunguka kisha zikaruka hadi mtu akiwa dukani. Yeye anatuacha tungoje plasta. Anaonyesha kipande kikikatika, kikiyumba, kikianguka, kisha kingine. Katika riwaya wizi huu unakula kurasa chache tu. Yeye ameupa robo ya filamu. Alikuwa amekaa miaka kadhaa akingoja simu isiyolia. Mtu wa namna hiyo anajua urefu wa dakika, na hana haja ya kumdanganya mtazamaji kwamba ni fupi.

Wako dukani. Povu linakijaza king'ora. Wanalilaza sefu, kwa sababu mbele yake ni mlango, na mlango ndiko kuliko na ujanja wote wa aliyelitengeneza. Nyuma ni chuma tu. César anafunga kifaa chake cha kukata duara, na kinaanza kuzunguka. Hapa sauti inabadilika. Baada ya mapigo ya nyundo yaliyofichwa unasikia chuma kikisagika, na ni sauti inayoingia kwenye meno. Jasho. Saa ya mkononi inatazamwa. Huko nje Paris inaanza kuamka, na wale wapita njia walioandikwa kwenye karatasi wanaanza kutokea mmoja mmoja, kila mtu kwa saa yake. Tony, mwenye kifua kibovu, anakimeza kikohozi chake, na mimi, niliye Kwanza miaka sabini baadaye, najikuta nimebana koo.

Muziki wa filamu uliandikwa na Georges Auric, mtunzi mwenye jina. Dassin alimweleza kwamba sehemu ya wizi haihitaji muziki. Auric hakukubali, akaona huyu Mmarekani hajui anachokiomba, akaandika muziki wa sehemu nzima ili kumwokoa. Dassin hakubishana naye. Alimwonyesha sehemu ile mara mbili, kwanza ikiwa na muziki, kisha bila. Auric alipomaliza kutazama, alikubali mwenyewe kwamba muziki wake utolewe. Kila ninapokifikiria kisa hicho namwona mtunzi huyo kuwa shujaa kiasi chake. Kuandika vizuri wengi wanaweza. Kukubali kwamba kazi yako nzuri itupwe kwa sababu ukimya ni bora kuliko wewe, hilo wanaliweza wachache.

Mzee alikuwa na swali. "Mbona hata wakiwa juu kule, mbali na duka, hawanong'oni?" Nikamweleza kwamba ni kwa sababu ya aliyeitengeneza. Nikamsimulia Kamati, kiti, orodha, na wale wawili waliomtaja. Nilikuwa nikitafuta maneno ya kumfafanulia jinsi mtu anavyoweza kuharibiwa maisha na mdomo wa mwenzake bila ya kesi wala ushahidi. Hakuhitaji.

"Gunia," akasema.

Alikuwa akikumbuka alichosimuliwa na babake. Aprili 1954, miezi michache kabla ya kamera za Dassin kuwashwa, Waingereza waliifunga Nairobi kwa operesheni waliyoiita Anvil, wakawakusanya watu kwa maelfu. Wakapitishwa mbele ya mtu aliyevikwa gunia kichwani lenye matundu mawili ya macho. Gunia likitikisika, umekwisha; unapelekwa kizuizini. Hukujua ni nani aliye ndani. Huenda ni jirani. Hollywood haikuwa na magunia, na tofauti baina ya kukosa kazi na kutupwa kizuizini Manyani ni kubwa, sitaki kuifuta. Lakini mzee alikuwa ameelewa filamu kabla ya kufika mwisho.

Maana katika nusu ya pili mtu anataja. César, yule fundi wa vidole, amechukua pete moja kwenye mzigo akampa mwimbaji wa klabu. Pete hiyo inawafikisha majambazi wengine kwake. Wanambana, anaogopa, anamtaja Mario. Mario na mkewe wanauawa. Tony anamkuta César amefungwa kwenye nguzo nyuma ya jukwaa la klabu, kati ya mapambo ya maonyesho. Hakuna kelele. Tony anamwambia kwamba alimpenda, lakini sheria anaijua. César anaijua. Kamera inarudi nyuma, inamwacha peke yake, na anapigwa risasi.

Aliyefungwa kwenye nguzo ile ni Dassin mwenyewe. Mtu aliyetajwa amechukua nafasi ya aliyetaja, akajihukumu, akajiua. Baadaye alisema waziwazi kwamba alipokuwa akiipiga sehemu hiyo alikuwa akiwafikiria wenzake walioanguka katika miaka ile. Ingekuwa rahisi kumweka mwigizaji mwenye uso wa nyoka. Alimweka César, mtu tunayempenda, mcheshi, nadhifu, fundi kuliko wote, na akampa uso wake. Sijui kulipiza kisasi kwingine kulikotulia hivyo, kama ni kisasi.

Si kila kitu ni dhahabu. Mwanzoni mwa filamu Tony anampiga mkanda mwanamke aliyekuwa wake, kwa kuwa hakumngoja, na filamu haioni aibu ya kutosha. Wanawake wote humu wapo ili wapendwe, wapigwe au walie. Mzee wangu alikunja uso sehemu ya mkanda, akasema, "Huyu hata akishinda, simtaki." Na mwendo wa hadithi baada ya wizi una mbio za kawaida, mtoto anatekwa, bastola zinalia, ingekuwa filamu ya mtu mwingine ningeisifu, lakini baada ya nusu saa ile unaona kazi imerudi kuwa kazi. Isipokuwa ile safari ya mwisho, Tony akiwa na risasi mwilini anamrudisha mtoto kwao kwa gari lililo wazi, mtoto amevaa nguo za wachunga-ng'ombe wa Marekani, anacheza na bastola yake ya bandia, miti ya Paris inapita juu kama inayotumbukia mtoni. Mtoto anafurahia mwendo. Anayeendesha anakufa.

Filamu ilitoka mwaka 1955. Cannes wakampa Dassin tuzo ya uongozaji bora, akagawana na Sergei Vasilyev wa Umoja wa Kisovieti. Hapohapo Cannes alikutana na Melina Mercouri, mwigizaji Mgiriki, aliyekuja kuwa mkewe na baadaye waziri wa utamaduni wa Ugiriki. Wamarekani walipotaka kuionyesha kwao, aliambiwa ayakane maisha yake ya zamani au jina lake liondolewe. Akakataa yote mawili. Filamu ikaingia Marekani kupitia kampuni iliyobuniwa kwa kazi hiyo, jina lake likiwa palepale. Alifariki Athens mwaka 2008, akiwa na umri wa miaka 96.

Wenzake hawakuwa na bahati hiyo. Joseph Losey na mwandishi Ben Barzman, wote wa orodha ile, walikwenda Italia mapema zaidi wakatengeneza filamu yao ya uhalifu, *Imbarco a mezzanotte*, na Paul Muni ndani yake. Jina la Losey lilifichwa chini ya jina la Mwitaliano. Na sisi Wakenya tunaye wetu, ingawa wengi hatumjui. *Born Free*, ile filamu ya simba Elsa iliyopigwa hapa nchini na kutoka mwaka 1966, ile iliyoonyeshwa kwa vizazi vya watoto wa shule, inasema imeandikwa na Gerald L.C. Copley. Hakuna Copley. Ni Lester Cole, mmoja wa wale Kumi waliofungwa. Miaka karibu ishirini baada ya Kamati, hadithi inayohusu simba aliyeachiliwa huru ilibidi itoke bila ya jina la mwenyewe. Nilipomwambia mzee hilo alicheka hadi akafuta macho, kisha akauliza kama simba walijua.

Jioni ilikuwa imeingia. Matatu za Kitale zilikuwa zinaita abiria wa mwisho, na mama wa mandazi mkabala nasi alikuwa anafunika karai. Nilifunga kompyuta, nikadhani tumemaliza. Mzee akaunyoosha mkono.

"Mwalimu, rudisha pale kwenye mwavuli."

Nikarudisha. Tukatazama tena, kimya, tindo likigonga, tundu likitokea, mwavuli ukishuka. Akaniomba nisimamishe picha. Akakaribia hadi pua ikagusa kioo.

"Hapa. Alipoufungua, alitumia mkono gani?"

Sikuwa nimeangalia. Nikarudisha tena.